Garmin eTrex 22x kwenye korongo la maporomoko: inakufikisha, inakurudisha, kasha utalitafuta kwa macho

Chini ya maporomoko ya maji, ukuta wa jabali ukiwa mbele na mwingine mgongoni, anga unayoiona ni utepe tu. Kifaa cha GPS nacho kinaona utepe huohuo. Ni hapohapo wafichaji wa makasha hupenda kuficha, na ni hapohapo msakaji aliyekwenda peke yake hujua kama kifaa alichonunua kilistahili pesa yake. Garmin eTrex 22x inapendwa sana na wachezaji wa jiokashi, mchezo wa kusaka kwa GPS makasha yaliyofichwa, na mengi yaliyoandikwa kwenye boksi lake ni kweli ukiwa uwanjani. Tathmini hii ni ya korongoni.

Kwa ufupi, itakufikisha hadi ukingo wa korongo bila shida na itakurudisha ulikotoka hata ukungu ukishuka, lakini mita 20 za mwisho haiwezi kukufanyia. Anayeinunua akitarajia mshale umwoneshe jiwe lenye kasha pembeni ya maji atasikitika. Anayeinunua ili apate njia ya kurudi amenunua kitu kizuri.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mtu anaficha kasha lisiloingiza maji, ndani mna daftari dogo la kusaini, kisha anatangaza majiranukta yake, yaani namba za latitudo na longitudo, kwenye tovuti ya geocaching.com. Wengine wanalitafuta, wanasaini, wanalirudisha palepale. Mchezo ulizaliwa tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya Marekani kuacha kuyapotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kosa la kifaa cha mkononi lilifika kama mita 100, na hakuna awezaye kusaka kisanduku ndani ya duara la namna hiyo. Upotoshaji ulipoondolewa, Dave Ulmer aliacha ndoo ya plastiki karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza ilipo. Historia hii ina maana korongoni kwa sababu kuta za mawe zinarudisha sehemu ya kosa lile la zamani, na hakuna mtu wa kulizima.

Sasa kifaa chenyewe. Kilitoka mwaka 2019 kwa bei ya dola 199.99 za Marekani. Kina uzito wa gramu 142 pamoja na betri, kioo cha rangi cha inchi 2.2 chenye nukta 240 kwa 320, kumbukumbu ya GB 8 na nafasi ya memori kadi ndogo ndani ya sehemu ya betri. Kinapokea setilaiti za GPS na za GLONASS, mfumo wa Urusi. Betri ni mbili za AA, na muda unaotajwa ni saa 25. Kinga ya maji ni IPX7, yaani kinastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kinachokosekana ni dira ya kielektroniki na kipimo cha mgandamizo wa hewa. Hivyo viko kwenye ndugu yake, eTrex 32x, iliyotoka kwa dola 299.99. Tofauti hiyo ya dola 100 itajitokeza tena tukifika chini.

Kioo chake kinatumia mwanga wa jua wenyewe kuonesha picha. Juani saa sita mchana kinasomeka kuliko simu yoyote, na taa ya nyuma inaweza kuzimwa kabisa. Chini ya miti mikubwa, au ndani ya shamba la migomba lililofungamana kama vihamba vya juu ya Moshi, kinafifia na lazima uwashe taa, na taa inakula betri. Weka taa ijizime baada ya sekunde 15.

Kioo hakiguswi. Unatumia vitufe vya pembeni na kijiti kidogo cha kusukuma kwa dole gumba. Mtu aliyezoea simu atakiona kama kifaa cha kizamani, lakini kwenye manyunyu ya maporomoko huo ndio ubora wake mkubwa. Kioo cha simu kinayachukua matone ya maji kama vidole: ramani inaruka, inajikuza, inafungua kitu ambacho hukukiomba. Kijiti cha eTrex hakijali maji, tope wala glavu. Gharama yake ni kuandika. Kuingiza jina la herufi kumi na mbili kwa kijiti, herufi moja moja, kunachosha, kwa hiyo maandishi yote yafanyie nyumbani kwenye kompyuta.

Kitu kimoja cha kununua siku hiyohiyo ni kamba. eTrex haielei. Kustahimili maji hakusaidii chochote kikiwa chini ya bwawa lenye povu. Pitisha kamba kwenye kishikio cha nyuma, ivae shingoni au uifunge kwenye mkanda wa begi, ndipo uanze kushuka.

Kazi ya nyumbani

Makosa mengi yanayolaumiwa kwa kifaa huanzia mezani, siku moja kabla ya safari. Kosa kubwa ni majiranukta. Tovuti ya mchezo huyaandika kwa digrii na dakika zenye desimali tatu, kwa msingi wa vipimo uitwao WGS84, ule wa GPS, na eTrex inafuata mtindo huo ikitoka kiwandani. Ramani nyingi za simu zinaandika digrii za desimali. Ukiona -3.2500 kwenye simu, latitudo ya miteremko iliyo juu ya Moshi, ukaiingiza kwenye kifaa kama S 03° 25.00, umekosea kwa dakika 10 nzima. Sahihi ni S 03° 15.000, kwa sababu robo ya digrii ni dakika 15. Kosa hilo ni zaidi ya kilomita 18, na linaweza kukupeleka kwenye tambarare ya miwa ukitafuta maporomoko.

Herufi ya mwanzo nayo iangaliwe. Vifaa na mifano mingi huanza na N (kaskazini) badala ya S (kusini), na mkazi wa Tanzania anajua mapema kwamba amekosea kwa sababu mshale unamwambia aende kaskazini mwa Kenya au Ethiopia. Hatari iko karibu na ikweta, ambako kosa ni dogo kiasi cha kuaminika. Nyahururu, kwenye Thomson's Falls, iko dakika mbili na ushee tu kaskazini ya ikweta. Ukiandika S badala ya N, kifaa kitakuonesha sehemu iliyo zaidi ya kilomita 7 kutoka ulipokusudia, umbali ambao mtu anaweza kuutembea kwa imani yote.

Kwa upande mwingine, sisi wa karibu na ikweta tuna nafuu ambayo wachezaji wa Ulaya na Marekani hawana. Hapa tarakimu ya mwisho, yaani dakika 0.001, ni kama mita 1.85 kwenye latitudo na kwenye longitudo pia. Mjini Seattle, Marekani, tarakimu hiyohiyo kwenye longitudo ni mita 1.25. Kwa hiyo Afrika Mashariki unaweza kupiga hesabu kichwani: tarakimu zikitofautiana kwa 10 upande wowote, uko takriban mita 18 kutoka shabaha.

Halafu kuna mtego wa ramani za zamani. Ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000 kwa Kenya, Tanzania na Uganda zilichorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960. Ni ramani nzuri sana kwa maporomoko yaliyofichika, kwa sababu zinaonesha vijito vidogo ambavyo ramani za simu zimeviacha. Lakini ukisoma majiranukta kwenye karatasi hiyo na kuyaingiza kifaa kikiwa WGS84, utakuwa nje kwa karibu mita 300. Kwenye korongo, mita 300 ni bonde jingine. Badilisha msingi kwenye mipangilio ya nafasi uwe Arc 1960, ingiza nukta, kisha rudisha WGS84. Kifaa kitaigeuza chenyewe. Kusahau kurudisha ni kosa la pili linalofuata la kwanza, na utaligundua pale makasha yote yatakapoonekana yamehama.

Mwanachama wa kulipia wa tovuti anapakua faili la GPX lenye maelezo kamili, dokezo, na kumbukumbu za waliotangulia. Unaunganisha kifaa kwa waya wa USB wa aina ya mini-B, ule mnene wa zamani ambao siku hizi haupatikani kwa jirani, kisha unaliweka faili kwenye folda ya GPX iliyo ndani ya folda ya Garmin. Ukiwasha, kasha lipo. Dokezo ambalo tovuti hulificha kwa kubadilisha herufi, kifaa kinalionesha likisomeka. Asiyelipa ataingiza nukta kwa mkono na kubeba maelezo kwenye karatasi, na hapungukiwi na chochote cha lazima. Soma kumbukumbu tano za mwisho kwa makini. Waliotangulia wakisema “nukta ziliruka sana” au “mita 15 kaskazini”, hiyo ni taarifa bora kuliko kipimo chochote utakachopata mwenyewe chini kule.

Angalia pia namba mbili za kila kasha: ugumu wa kutafuta na ugumu wa ardhi, kuanzia 1 hadi 5 kwa nusu nusu. Ardhi ya 5 maana yake ni kamba, mtumbwi au vifaa vingine maalumu. Kwa mtu anayekwenda peke yake kwenye maporomoko, mpaka wangu ni 3.5, na hata hiyo wakati wa kiangazi. Ukubwa nao una maana: kasha dogo kabisa halifiki mililita 100, mfano kile kichupa cha filamu ya kamera. Kutafuta kichupa hicho kwenye ukuta wa mawe yenye kuvu, kwa kifaa chenye kosa la mita 20, ni kazi ya saa mbili na pengine bila matunda. Chagua lenye lita moja au zaidi.

Makasha mengi ya maporomoko hayana kasha kabisa. Ni EarthCache, aina iliyoanza 2004 kwa ushirikiano na Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani. Unakwenda mahali, unaangalia jinsi mwamba ulivyo, unajibu maswali na kumtumia mwenye nayo. Kwa hizo, udhaifu wote wa 22x unayeyuka, kwa sababu mita 20 huku au kule hazibadilishi jibu. Anayeanza safari za peke yake angeanza na hizi.

Ramani iliyomo ndani inategemea kifaa kiliuzwa wapi. Kilichonunuliwa Ulaya au Marekani kina ramani ya kina ya huko, na ukikifungua Morogoro utaona barabara kuu na eneo tupu. Tiba ni ya bure: ramani za OpenStreetMap zilizogeuzwa kuwa faili la img, mfano zile za OpenTopoMap zenye mistari ya mwinuko. Ziweke kwenye folda ya Garmin ndani ya memori kadi isiyozidi GB 32, kisha uiwashe ramani hiyo kwenye mipangilio na uzime nyingine. Mistari ya mwinuko ndiyo unayoitaka. Inapobanana ikakatiza kijito, hapo maji yanaanguka, na pembeni yake ndipo utajua kama kuna mteremko wa kushukia au ni genge tupu.

Betri, na hapa mtu asibane pesa. Betri za chumvi za bei ya chini zinazouzwa kwa redio hazitakufikisha jioni. Tumia alkali za kweli au za kuchaji za NiMH za mAh 2000 hivi, na ukitumia za kuchaji lazima ubadilishe aina ya betri kwenye mipangilio ya mfumo. Ukiiacha kwenye alkali, kifaa kinasoma volti 1.2 za NiMH kama alkali iliyochoka, kinaanza kulalamika mapema na kinaweza kujizima wakati betri bado ina nguvu. Beba jozi ya ziada kwenye mfuko mkavu. Nyayo, yaani mstari wa njia uliyopita, hazipotei ukibadilisha betri.

Zima WAAS/EGNOS. Mifumo hiyo ya masahihisho ilijengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini na Ulaya, na huku haikupi kitu ila kula betri. GLONASS iwashe. Inaongeza matumizi ya betri, lakini korongoni kila setilaiti ya ziada ni mali.

Kama kifaa kimetoka bara jingine, au kimekaa kabatini miezi kadhaa, kiwashe uwanjani pasipo miti na ukiache dakika 15. Orodha kamili ya setilaiti inachukua dakika 12.5 kushuka kutoka angani. Anayekiwasha kwa mara ya kwanza akiwa tayari chini ya miti hujikuta akisubiri bila mwisho, kisha akasema kifaa kibovu.

Njiani

Sehemu hii ni fupi kwa sababu hapa eTrex haina kasoro ya kutaja. Weka alama mahali ulipoacha gari au bodaboda, pale pasipo shaka. Futa nyayo za zamani, anza mpya. Rekodi nyayo kwa umbali wa kila mita 10 badala ya utaratibu wa moja kwa moja, kwa sababu ukiingia korongoni kifaa kitaanza kuyumba hata umesimama, na utaratibu wa moja kwa moja utachora chandarua cha mistari juu ya njia yako. Nafasi ya nukta 10,000 kwa kila mita 10 ni kilomita 100, inatosha na kubaki.

Weka alama kila njia inapogawanyika, hasa ukiwa unashuka. Njia za wachunga mbuzi na wateka maji zinaungana kuelekea chini na kutawanyika kuelekea juu, kwa hiyo kupotea hutokea wakati wa kurudi. Katika mashamba ya Wachagga kuna mifereji ya kumwagilia inayofuata umbo la mlima, na kando yake kuna vijia vinavyofanana kabisa. Nyayo kwenye kioo zinamaliza ubishi huo.

Urefu kutoka usawa wa bahari usiutegemee. Bila kipimo cha mgandamizo wa hewa, 22x inaukadiria kwa setilaiti peke yake, na kosa la wima huzidi la mlalo. Usiitumie kupima korongo lina kina gani.

Mita 20 za mwisho

Mawimbi ya setilaiti husafiri moja kwa moja. Penye ukuta wa jabali, baadhi yanagonga mwamba kwanza ndipo yafike kwenye kifaa, na safari hiyo ndefu kidogo inasomwa kama umbali wa kweli. Nafasi yako inasogezwa. Wakati huohuo, setilaiti zilizo chini karibu na upeo zimefichwa na kuta, zimebaki za utosini tu. Setilaiti zilizobanana pamoja juu ya kichwa haziwezi kupima vizuri uko wapi kwa mlalo. Majani mabichi yaliyolowa nayo yanadhoofisha mawimbi. Yote matatu yanakutana chini ya maporomoko.

Kibaya zaidi ni kwamba kifaa hakijui. Ile namba ya usahihi inayoandikwa kwenye kioo, “mita 5”, ni makadirio yanayotokana na hesabu ya setilaiti, na hayajui kama mawimbi yamegonga jabali. Unaweza kuona mita 5 huku kifaa kikikuweka mita 25 kutoka ulipo hasa. Dalili ya kuaminika ni moja: simama tuli dakika moja uangalie umbali wa kwenda kwenye kasha. Umbali huo ukipanda na kushuka kati ya mita 8 na 30 wakati hujainua mguu, acha kuufuata mshale.

Na mshale wenyewe ndio unaoitofautisha 22x na 32x. Kwa kuwa haina dira, 22x inajua umeelekea wapi kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo. Ukitembea kwa mwendo wa kawaida, mshale uko sawa. Ukisimama au ukijivuta jiwe kwa jiwe, unazunguka ovyo. Chini ya maporomoko hakuna mahali pa kutembea hatua kumi mfululizo. Hapo ndipo watu wanarudi nyuma, wanakwenda mbele, wanateleza.

Dawa ipo na haihitaji kununua 32x. Inahitaji dira ya kawaida ya mkononi, ile yenye sindano. Kabla hujashuka, tafuta sehemu ya mwisho iliyo wazi, mwambani juu au kwenye uwazi ng'ambo ya kijito, ambako nusu ya anga inaonekana. Kishike kifaa kikitazama juu, kilichokaa bapa, mbali na mwili. Subiri dakika mbili. Weka alama kwa kutumia wastani, kile kipengele cha “Waypoint Averaging”, mpaka kioneshe kimetosheka. Sasa soma umbali na digrii za kuelekea kwenye kasha, tuseme mita 60 kwa digrii 215. Kuanzia hapo kiweke kifaa mfukoni. Lenga 215 kwa dira, chagua kitu cha kudumu kwenye mstari huo, mti au jiwe lenye umbo, kisha kiendee ukihesabu hatua. Afrika Mashariki tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na ya kweli iko karibu na sifuri, kwa hiyo hakuna hesabu ya kuongeza. Ukikosea digrii 5 katika mita 60, umepotoka mita 5 tu. Hakuna GPS ya mkononi itakayokupa mita 5 za uhakika chini ya jabali.

Ukiweza kupima hivyo kutoka sehemu mbili zilizo wazi, mfano juu kushoto na juu kulia, mistari miwili itakatana, na hapo ndipo pa kutafuta. Hii ndiyo njia ya wakongwe wa mchezo, na inashangaza ni wachache wanaoitumia.

Usisahau kwamba aliyeficha naye alisimama palepale na kifaa chenye shida ileile. Kosa lake na lako yanajumlishwa. Ndiyo maana kwenye korongo duara la kusaka liwe la mita 25, na ufikirie kama mfichaji: kasha haliko penye manyunyu ya moja kwa moja, kwa sababu daftari lingeoza, haliko chini ya alama ya mafuriko, ile mistari ya takataka na matete yaliyokwama kwenye matawi, kwa sababu lingekwenda na maji, na kwa kawaida halijafukiwa ardhini, kwa sababu kanuni zinakataza kuchimba bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi. Linabaki lile tundu kavu, juu ya kimo cha kiuno, nyuma ya mizizi au chini ya jiwe lililoegemea. Mawe matatu yaliyopangwa vizuri kuliko asili ni jibu tosha. Kabla ya kuingiza mkono, ingiza fimbo.

Ukihisi matokeo ni mabaya kuliko kawaida jioni, huenda si kifaa. Kwenye ukanda wa ikweta tabaka la juu la hewa huchafuka baada ya jua kuzama, zaidi miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, na kifaa kinachopokea masafa mamoja tu ya mawimbi ya setilaiti, kama 22x, hakina namna ya kulisahihisha. Sababu nyingine ya kuwa nje ya korongo kabla ya saa kumi na moja.

Kwenda peke yako

Hili liwekwe wazi kwa sababu wengi hulichanganya: eTrex 22x inapokea tu, haitumi chochote. Haiwezi kuita msaada. Chini ya maporomoko mtandao wa simu kwa kawaida haufiki, na ngurumo ya maji inameza kelele na filimbi. Aliyevunjika mguu mita 30 kutoka kwenye maji hatasikika na aliye juu ya ukingo. Kwa hiyo msaada wako ni karatasi uliyoiacha kwa mtu: jina la kijiji, majiranukta ya mwanzo wa njia na ya kasha, saa ya kurudi, na aanze kukutafuta saa ngapi. Filimbi ibebe hata hivyo, itakufaa ukishapanda. Mlio mara sita kwa dakika ni ishara ya dhiki.

Mvua haihitaji kukunyeshea wewe. Ikinyesha juu mlimani, maji yanakufikia baadaye, anga yako ikiwa kavu. Maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo, vijiti vikianza kuelea, au sauti ikizidi, acha kasha na upande. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, makorongo si ya mtu mmoja.

Na mara nyingi “peke yako” haliwezekani wala halifai. Kwenye maporomoko ya Materuni, juu ya Moshi, wageni hulipa kijijini na kwenda na mwenyeji. Sheldrick Falls ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, Kenya, unatembea na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo. Kwingineko maporomoko ni chanzo cha maji cha kijiji au mahali pa matambiko, na mgeni anayepekua chini ya mawe bila kuaga atatiliwa shaka kwa haki. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwoneshe kioo, mweleze kasha ni nini. Kijana atakayekuongoza anaijua njia ambayo OpenStreetMap haina.

Ukirudi

Fungua kifuniko cha nyuma ukiwa umekauka mikono, toa betri, futa mpira unaozuia maji, na uangalie mchanga. Chembe moja kwenye mpira huo inafuta IPX7 yote. Ukanda wa mpira unaozunguka kifaa ni sehemu dhaifu ya familia ya eTrex. Ukianza kuachia gundi, ubandike mapema kabla tope halijaingia.

Kifaa kimeandika ulichokipata kwenye faili la geocache_visits.txt ndani ya folda ya Garmin. Lipakie kwenye tovuti, ongeza maelezo yako kwa kibodi. Kama wastani wako kutoka sehemu ya wazi ulikuwa mzuri, waandikie wanaokuja majiranukta ya sehemu hiyo, digrii na umbali. Hilo litawafaa kuliko “asante kwa kasha”.

Nani anunue, basi. Anayetembea makorongo mara kwa mara na ana dola 100 za ziada achukue 32x, kwa ajili ya dira peke yake, akikumbuka kuirekebisha kila abadilishapo betri. Anayetaka kushusha makasha kupitia simu na asiyejali ramani aiangalie eTrex SE ya 2023: kioo chake hakina rangi, lakini betri mbili zinatajwa kudumu saa 168, inapokea Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina pia, na waya wake ni USB-C. Mwenye simu nzuri ya masafa mawili anayekwenda maporomoko mara moja kwa mwaka hahitaji kununua chochote zaidi ya mfuko wa kuzuia maji na dira. Wengine wote, na hasa anayepotea wakati wa kurudi, 22x inamtosha, mradi dira ya sindano iwe mfuko wa kushoto na jozi ya betri mfuko wa kulia.